Daftari la Kina

Mtambo ulianza kuzunguka Jumatatu, Chihanga.
Kazi yangu kalamu: kina, rangi ya udongo, saa.
Fundi ni Gan Shouyi, mtu wa Sichuan.
Kiswahili chake ni cha kambi za barabara,
kina pole nyingi na vitenzi vichache.
Dini ya bibi yake, asema, inaitwa Njia tu,
neno lile lile analoitia lami ya Nala.

Mita nne. Kichanga chekundu, kikavu.
Siku hizi mlima wa kwao una geti, geti lina tiketi,
ubani unalipiwa kwa simu,
na watalii hupanda wakining'inia kwenye waya
kwenda kuutafuta ukimya.
Anacheka. Nami nacheka.

Mita kumi na moja. Mfinyanzi.
Hapa bibi yake anaficha sanamu ya Mzee
ndani ya mtungi wa kabichi chachu;
nje, vijana wa vitambaa vyekundu
wanabomoa hekalu kwa nyundo.
Miaka kumi na mitatu mungu alinuka siki.
Kisha serikali ikasema, haya, fungueni.
Bibi akamtoa, akamwosha, hakuuliza kitu.

Mita ishirini na mbili.
Mahekalu yanageuzwa madarasa. Mfalme wa mwisho hajang'oka bado,
lakini wasomi wana haraka, wanasema: ushirikina.
Neno hilo nalijua. Lilifika hata kwetu.

Mita arobaini. Changarawe. Tunazima, tunakula
ugali wa uwele kwa mlenda.
Gan anautazama unavyoteleza kidoleni.
"Huyu," asema, "anajua njia."

Mita hamsini na tano. Enzi ya Ming:
maandiko yanachongwa kwenye mbao, juzuu zaidi ya elfu tano,
kwa maana Wamongolia waliotangulia walikuwa wamechoma mengi.
Na bado Mmongolia wao wa kwanza, yule mkuu wa farasi,
ndiye aliyemwita mtawa mkongwe avuke jangwa
amletee dawa ya kutokufa.
Mkongwe akaenda. Akafika. Akasema: hiyo sina.
Nina ushauri wa kulala vizuri.

Mita sabini na moja. Mwamba. Jino limekatika.
Wafalme wa Tang wanajiita wajukuu wa Mzee mwenyewe
na kunywa zebaki iliyopikwa, waishi milele.
Waliokufa nayo tumboni si mmoja.
Tunabadili jino.

Mita tisini na tatu. Bado kavu.
Pishi tano za mchele: hicho ndicho kiingilio,
karne ya pili, kwenye milima ya kina Gan,
kwa mwalimu aliyeponya wagonjwa
wakishaandika makosa yao.
Pishi tano! Mwaka wa njaa
sisi tungemfuata anayegawa, si anayepokea.

Ndipo nikamwambia lile ambalo sijaliandika popote.
Babu yangu Chilewa alikuwa na mawe ya mvua,
meusi, yakipakwa mafuta ya kondoo.
Sabini na moja, lori la Operesheni lilikuja alfajiri;
wakapakia majamvi, kuku, mtoto mwenye surua.
Mawe yalibaki chini ya ua wa manyara.
Hakuna aliyekuwa na mtungi.

Gan hakusema pole. Mara ya kwanza.
Aliuliza maana ya Dodoma.
Amezama, nikasema. Tembo. Wanasimulia
alikuja kunywa, matope yakamdidimiza.
Alikaa nalo muda mrefu, mkono kwenye usukani wa mtambo.
"Jina zuri," akasema.

Mita mia moja na sita. Saa kumi na dakika ishirini jioni.
Maji.
Machache, ya kijivu, yakitapika mchanga.

Wanawake walikwisha panga ndoo tangu saa sita.
Nyemo alikinga kiganja, akaonja, akatema:
"Chumvi."
Akajaza ndoo.